Kabla Hujafungua Kopo la Rangi: Kuzuia Kutu kwenye Trekta na Zana za Shamba Kanda ya Ziwa

Mwaka mmoja, mwezi wa sita, nilikodisha tela langu kubeba magunia ya kayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, kutoka mwaloni wanakoshushwa samaki. Safari mbili tu. Mwezi wa nane nikaona tela limechakaa, nikalipiga msasa, nikapaka praima (rangi ya msingi), kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta, bluu, ya bei nzuri. Liling'aa. Mvua za vuli zilipokolea, sakafu ikatoka malengelenge, mengine kama punje za kunde, mengine kama kifuniko cha chupa ya soda. Nilitoboa moja kwa ncha ya msumari. Yakatoka maji ya kahawia, na chini yake bati lilikuwa limeshaanza kuliwa.

Rangi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa chumvi ya kayabo niliyoifungia ndani kwa mikono yangu. Chumvi huvuta maji, na rangi hata iwe nzuri vipi hupitisha unyevu kidogo kidogo. Unyevu ukifika kwenye chumvi unatuama hapo, na chuma kikipata maji na hewa pamoja kinaanza kutu. Kutu yenyewe huchukua nafasi mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana inainua rangi kutoka chini kama uyoga unavyoinua udongo.

Huku kwetu utasikia watu wakisema kutu ni shida ya Tanga na Dar es Salaam, sisi maji yetu hayana chumvi. Maji ya Ziwa Victoria kweli hayana. Lakini chumvi tunaileta wenyewe: kayabo, mbolea ya dukani, samadi na mkojo wa ng'ombe. Ongeza umande wa asubuhi karibu na ziwa, na tope la mbuga (udongo mzito wa mfinyanzi) linalong'ang'ania chuma kwa siku nyingi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kabla ya kupaka. Kupaka kwenyewe ni siku nne tano.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha chagua saa

Mwezi wa saba na wa nane ndiyo wakati wake. Mvua hakuna, pamba inakwenda sokoni, na trekta halina kazi mpaka watu waanze kuandaa mashamba ya vuli. Ukisubiri mwezi wa kumi utapaka kwa haraka huku ukitazama mawingu.

Saa nazo zina mambo yake. Asubuhi chuma kina umande hata kama macho hayauoni. Chukua kitambaa chenye unyevu, pangusa sehemu ndogo ya bati na uangalie: unyevu ukikauka wenyewe ndani ya dakika kumi au kumi na tano, chuma kiko tayari. Ukibaki pale pale, subiri. Kwangu huwa naanza saa nne asubuhi na naweka brashi chini saa tisa alasiri, ili rangi ipate muda wa kushika kabla umande haujashuka tena. Rangi ya mafuta iliyopakwa saa kumi na mbili jioni ikanyeshewa na umande hupoteza mng'ao, ikawa na ukungu usioondoka kwa kufuta.

Jua la saa sita nalo ni adui. Weka kiganja juu ya boneti. Kama huwezi kukiacha hapo, usipake, maana rangi itakauka juu na kubaki mbichi ndani, kisha itatoa vipovu. Tafuta kivuli cha mti mkubwa au funga turubai.

Jambo moja kwa mnaoishi kando ya ziwa kabisa: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi, hasa mwezi ukiwa mchanga. Wakivuma jioni na rangi yako ikiwa mbichi chini ya taa, asubuhi utakuta trekta limeota manyoya. Zima taa, na ukiona wingu lao juu ya maji funika kazi yako.

Hatua ya 2: Osha kwanza, ndipo usugue

Hii ndiyo hatua niliyoiruka mimi, na ndiyo wengi wanayoiruka. Mafundi wengi huanza na brashi ya waya moja kwa moja. Brashi ya waya haitoi chumvi. Inaisukuma ndani ya vishimo vya kutu na kuipakaza hadi pale ambapo haikuwepo. Kwa hiyo maji na sabuni vinatangulia, kifaa cha kusugua kinafuata.

Anza kwa kukwangua tope lote kavu kwa kijiti au patasi butu. Ingia chini ya madigadi, ndani ya fremu, nyuma ya ngazi, kwenye mikunjo ya bati ambako vipande viwili vimechomelewa pamoja. Pawatila (trekta dogo la kuongozwa kwa mikono) inayofanya kazi kwenye majaluba ya mpunga huwa na tope lililokauka kama tofali kuzunguka magurudumu ya chuma na chini ya kifuniko cha visu, na nyuma ya tope hilo ndipo utakuta kutu mbichi kabisa.

Kisha osha kwa maji mengi na sabuni ya unga, suuza, osha tena. Tela lililobeba kayabo au mbolea lioshe mara tatu, siku mbili tofauti, ukiliacha likauke katikati ili chumvi iliyojificha ipande juu. Maji ya kusuuzia mara ya mwisho yawe ya mvua, ya bomba au ya ziwa. Visima vingine huku maji yake yana chumvichumvi; ukisuuzia hayo umerudi ulikoanzia.

Ila usiingize trekta ziwani. Naliona hili kila wiki na linaniumiza: dizeli na oili zinatandaa juu ya maji ambayo majirani wanachota kunywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na anayesimama kwenye maji ya ukingoni akiosha gurudumu anajitafutia kichocho. Chota maji, yaache yalale kwenye tangi siku mbili ili vijidudu vya kichocho vife, ndipo uoshee shambani, mbali na mfereji unaoelekea ziwani.

Utajuaje kuwa chumvi imekwisha? Sugua sehemu ndogo mpaka chuma kiwe cheupe, ilowanishe na uiache usiku kucha. Chuma chochote kitapata wekundu kidogo. Lakini ukikuta asubuhi pamegeuka kahawia nzito yenye madoa meusi kwenye vishimo, chumvi bado ipo. Rudia kuosha.

Hatua ya 3: Toa mafuta yote

Chuma kikishakauka toa grisi na oili. Dizeli inalainisha grisi nzito, lakini yenyewe inaacha utando wa mafuta, kwa hiyo baada ya dizeli lazima ioshwe kwa sabuni, kisha upanguse kwa thina na kitambaa safi, ukibadilisha kitambaa mara kwa mara. Kitambaa kimoja kikitumika trekta zima kinahamisha mafuta tu kutoka hapa kwenda pale.

Kipimo chake ni rahisi. Nyunyiza maji safi juu ya bati. Yakitandaa kama karatasi, pako safi. Yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba, bado kuna mafuta na rangi haitashika.

Hatua ya 4: Gonga, tafuta mabovu, toboa njia za maji

Chukua bisibisi nzito na ugonge kila mahali penye mashaka. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya debe lenye mchanga. Sehemu ambazo mimi hukagua kwa kupiga magoti ni kitako cha betri, chini ya radieta, sakafu anapoweka miguu dereva, kingo za chini za madigadi, na chasisi ya tela pale mbao zinapoilalia.

Kitako cha betri kina kutu yake ya peke yake, ya asidi. Toa betri, yeyusha magadi kwenye maji, mwagia. Yatatoa povu. Endelea mpaka povu liishe, kisha suuza kwa maji mengi. Ukipaka juu ya asidi, rangi haimalizi msimu.

Palipotoboka pachomelewe sasa, kabla ya rangi, na alama za mchomeleo zisuguliwe mpaka zilainike. Usizibe tundu kwa puti. Puti hunyonya maji, na juu ya kutu ni sifongo tu. Na kama tela au kifuniko kina mahali maji yanapotuama, toboa tundu la milimita 8 au 10 upande wa chini. Nimeona tundu moja la namna hiyo likiokoa sakafu kuliko kopo zima la rangi.

Hatua ya 5: Sugua

Siyo lazima umenye rangi yote. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri ni ulinzi, iache, ikwaruze tu kwa msasa namba 180 au 240 ili rangi mpya ipate pa kushika. Kujua kama imeshika, kata mistari kwa wembe ili upate viboksi vidogo, bandika selotepu, ivute kwa nguvu. Viboksi vikitoka na selotepu, hiyo rangi lazima iondoke.

Penye kutu tumia brashi ya waya ya mkono au ya grenda, kisha msasa namba 80, umalizie 120. Usiache chuma kikiwa kimeng'arishwa kama kijiko kwa brashi ya waya, kwa sababu rangi inahitaji mikwaruzo ya kushikilia. Msasa namba 80 baada ya brashi unaileta. Mpaka kati ya chuma na rangi ya zamani uteleze taratibu chini ya kidole. Ukihisi ngazi, hapo ndipo rangi mpya itakapoanza kubanduka.

Vishimo vya kutu ambavyo msasa haufiki ndivyo pekee ninavyovitilia dawa ya kubadili kutu, ile yenye asidi ya fosforiki au taniki inayoigeuza kuwa nyeusi. Fuata maelezo ya chupa. Haifanyi kazi juu ya kutu inayobanduka kwa magamba, na anayekuuzia akikwambia haina haja ya kusugua, usimwamini.

Sasa kingo. Rangi ikiwa mbichi hujivuta kutoka kwenye ukingo mkali, ikabaki nyembamba hapo kuliko kokote, ndiyo maana kutu ya madigadi na ya tela huanzia pembeni. Piga tupa kila ukingo mpaka uwe mviringo kidogo. Ni kazi ya nusu siku kwa tela zima na inalipa.

Vaa miwani. Nyuzi za brashi ya grenda zinaruka kama risasi. Rangi ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo isugue ikiwa na unyevu, na watoto wasicheze karibu na vumbi lake.

Hatua ya 6: Funika pasipopakwa

Funika nipo za grisi (vichuchu vya kuingizia grisi), fito zinazong'aa za silinda za haidroliki, nyuzi za bolti, mikanda, mipira, kibati chenye namba ya trekta, na mapezi ya radieta. Radieta iliyopulizwa rangi nzito inashindwa kupoa, na nimeona injini ikichemka kwa sababu hiyo tu. Bomba la moshi linataka rangi yake maalumu ya kuvumilia joto. Ya kawaida itaungua siku ya kwanza.

Hatua ya 7: Praima siku hiyo hiyo

Chuma kilichosuguliwa hakilali nje. Karibu na ziwa usiku mmoja unatosha kukipa utando wa kutu. Sugua kiasi unachoweza kupaka praima kabla ya saa tisa, hata kama ni nusu ya tela.

Praima nyekundu ya oksidi ndiyo inayopatikana kila duka na ni nzuri kama msingi. Yenye zinki fosfeti ni bora zaidi, kwa sababu pamoja na kuzuia maji inapunguza kasi ya kutu hata rangi ikichubuka. Kama mfuko unaruhusu, weka hiyo sakafuni, kitako cha betri na chini ya madigadi, kwingine weka ya kawaida.

Anza na brashi ndogo kwenye kingo zote, viungo vya mchomeleo, vichwa vya bolti na pembe. Ndipo upake au upulize eneo zima. Kwa hiyo kingo zinapata mkono mmoja zaidi ya sehemu nyingine. Kesho yake rudia mkono wa pili.

Na praima siyo rangi ya mwisho. Barabara yote ya kwenda Magu utaona matela yamebaki mekundu ya praima mwaka mzima kwa sababu fedha ziliisha. Praima ina vitundu vidogo sana na inanyonya maji, mvua mbili tatu zinatosha kuanzisha kutu chini yake. Kama fedha ya rangi ya juu haijapatikana, afadhali usianze kusugua.

Hatua ya 8: Rangi ya juu

Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Ikikauka inabaki na unene wa mikroni 30 au 40 hivi, karibu nusu ya unywele. Ndiyo sababu mkono mmoja hautoshi. Paka miwili, mitatu sehemu zinazopigwa na tope. Mikono mingi myembamba inashinda mmoja mzito, kwa kuwa rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa kuanzia juu, na ikiwa nzito hujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Acha saa 16 hadi 24 kati ya mkono na mkono. Ikipita siku kadhaa, pitisha msasa laini kabla ya kuendelea.

Kuhusu kupunguza uzito wa rangi: tumia tapentaini au thina iliyoandikwa kwenye kopo. Nilishawahi kumwachia fundi trekta nikaenda msibani. Niliporudi nikakuta rangi imefifia kama iliyopakwa mwaka juzi. Nilipomuuliza akajibu, "Bosi, thina iliisha, nikaongezea petroli kidogo tu." Petroli inakauka upesi mno, inaharibu mng'ao na kushika kwa rangi, na inaweza kuwaka kwa cheche ya kompresa. Tulisugua upya. Pia usipige rangi ya gari yenye thina kali juu ya rangi ya mafuta, itainyanyua yote.

Ile rangi ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha iwe ngumu) inadumu zaidi juani, na jua letu, karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni kali. Nyekundu ndiyo inayopauka upesi zaidi. Lakini hadena nyingi zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu ikipulizwa hewani. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Bila kifaa kamili cha kupumulia chenye vichungi vyake na mahali pa hewa, paka rangi ya mafuta kwa brashi. Trekta la brashi lililoandaliwa vizuri litaishi kuliko la kupulizwa lililoandaliwa vibaya.

Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta vianike kimoja kimoja nje. Vikirundikwa vinaweza kupata moto vyenyewe. Na trekta lipe angalau wiki moja kabla ya kuliosha, mbili kabla ya kulipakia mbolea.

Plau na haro ni habari nyingine

Bawa la plau, jembe lake na sahani za haro usizipake rangi upande unaokata udongo. Udongo wa luseni (wa kichanga) utaifuta kabla ya saa sita mchana, na kwenye mbuga rangi iliyobaki mabaka hufanya tope ligande. Paka fremu, magurudumu na mikono tu. Sehemu inayokata ioshe siku ile ile kazi inapoisha, ikaushe, kisha ipake grisi safi iliyolainishwa kwa dizeli kidogo. Plau ya ng'ombe ni vivyo hivyo. Oili chafu ya injini naona wengi wanaitumia. Ina asidi na masizi ya injini, na mvua ya kwanza inaishusha kwenye udongo na mwishowe ziwani. Kilo moja ya grisi inatosha plau mbili na haro moja kwa msimu.

Usilaze zana juu ya udongo. Weka matofali au vipande vya mbao, chini ya paa. Na usifunike kwa nailoni ikaligusa bati: umande unaganda ndani, na asubuhi kila siku chuma kinaoga.

Baada ya hapo

Mashine iliyogusa mbolea, iwe planta au kisambazia mbolea, ioshwe jioni ile ile. Mbolea za urea, CAN na SA zinanyonya unyevu wa hewani hata kiangazi, na chembe iliyojificha kwenye kiungo inafanya kazi usiku kucha. Tela la samadi hivyo hivyo. Mwezi wa tano na mwezi wa kumi na mbili, pita na taa chini ya madigadi.

Bakiza robo lita ya rangi na robo ya praima. Andika kwenye kopo jina la rangi, namba yake na tarehe, bana kifuniko vizuri na ulihifadhi kivulini. Jiwe likichubua bati mpaka chuma kikaonekana, osha, msasa, praima kwa brashi ndogo, kesho rangi. Ukifanya hivyo wiki ile ile, ni kazi ya dakika kumi. Ukiiacha mpaka masika iishe, utakuta kutu imeshatambaa chini ya rangi upana wa kiganja.